Maharage Yasiyoota

Nyoka wa chupa ya tatu, rafu ya juu ya kabati la shule, hana sumu. Karatasi iliyobandikwa kwenye chupa inasema ana sumu kali, na karatasi hiyo niliiandika mimi mwenyewe, kwa mwandiko mzuri wa ujana, mwaka ule nilipodhani najua kila kitu. Tafadhali ibandueni. Kila mwaka nilikusudia kuibandua, na kila mwaka alitokea mgeni wa heshima akaisoma na kurudi nyuma hatua mbili, nami nikaona haya kumharibia ziara yake.

Siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie jinsi kazi yetu ilivyokuwa zamani, kazi ya kuwafundisha walimu namna ya kufundisha habari za mimea, wanyama na mwili wa mtu. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Hayo yako ofisini, na aliyeyaandika alikuwa na haraka. Nitaandika yale ambayo ofisi haina.

Nilizaliwa Kambove. Baba yangu alikuwa mtu wa kaskazini ya Katanga aliyefuata kazi ya reli, akaja na rozari moja na sufuria mbili, na mpaka leo sufuria moja ipo. Nilipomaliza madarasa ya misheni nililetwa Elisabethville kusomea ualimu. Wazungu walituita moniteur sisi walimu weusi, ili lile neno lao zuri zaidi la mwalimu libaki kwao. Watoto hawakujua tofauti hiyo. Walisimama tulipoingia, na kwetu sisi ilitosha.

Siku yangu ya kwanza darasani nilipewa chaki tatu, fimbo ya kuonyeshea, na picha kubwa ya ukutani iliyotoka Ulaya. Picha ilionyesha majira manne ya mwaka: maua, mavuno, majani yakianguka, na theluji. Nilifundisha theluji hiyo kwa bidii kubwa. Sikuwa nimeiona, barafu niliyoifahamu ni ile ya bucha la Wazungu, tena nilipoipita tu njiani. Mtoto mmoja wa mstari wa mbele akainua kidole.

“Moniteur, ile teluji, banaikulaka na nini?”

Nikamwambia hailiwi.

“Sasa iko ya kazi gani?”

Nilimwambia akae chini. Njia hiyo mnaijua, wengi wenu nimewaona mkiitumia.

Mtu aliyenitoa kwenye theluji alikuwa Furere Odilon, bruda wa Kiflamandi aliyesimamia shule ya walimu. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya kuinama, na mifuko ya kanzu yake ilijaa mbegu, mawe na mara nyingi mdudu mmoja aliyekwisha kufa. Kiswahili alikuwa amejifunza kwa waashi waliojenga kanisa, ndiyo maana alilielezea ua kana kwamba ni nyumba: msingi, ukuta, paa. Siku moja alikaa nyuma ya darasa langu mpaka mwisho wa somo. Watoto walipotoka, aliishusha ile picha ukutani, akaikunja taratibu na kuitia chini ya kwapa.

“Weye unasema sana,” aliniambia. “Lete kintu. Batoto baone kintu kwanza. Jina itakuya nyuma.”

Kisha akanichukua mpaka kwenye kichuguu nyuma ya tanuru la matofali. Alikikata kwa sepetu kama mkate, tukakaa chini kwenye vumbi, yeye na kanzu yake nyeupe, tukatazama njia za mchwa mpaka kengele ya jioni. Aliniuliza naona nini, na kila nilipojibu kwa maneno ya kitabu alingoja tu nianze kujibu kwa macho. Siku ile nilifundishwa kuliko miaka yangu yote ya darasani.

Kuanzia hapo vyombo vyangu vilikuwa kioo kimoja cha kukuzia, kisu kidogo, chupa tupu za jamu, karatasi za kunyonyea wino, na sanduku la sabuni lililogeuzwa nyumba ya wadudu. Baada ya miaka kadhaa Furere aliniweka kuwatazama wanafunzi-walimu katika darasa la mazoezi, yaani darasa la watoto wa kweli ambamo mwalimu wa kesho anajaribiwa. Mimi nilitunza vitu vyote vya somo. Ufunguo wa kabati ulikaa shingoni mwangu pamoja na medali ya Bikira Maria.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Kulikuwa na kijana mmoja aliyetaka kuonyesha jinsi kiwavi anavyogeuka kipepeo. Alileta kapu zima la viwavi, wale wanono tunaowala, akaliacha darasani wakati wa mapumziko. Aliporudi kapu lilikuwa tupu, na nyuma ya choo kulikuwa na moto mdogo na watoto wenye midomo inayong’aa mafuta. Mwingine alileta kinyonga, na kesho yake nusu ya watoto hawakuja, mama zao waliwazuia kwa kuogopa mkosi. Ilinibidi nizunguke nyumba kwa nyumba katika siti nzima, yaani mtaa wetu sisi weusi, kuwaomba radhi akina mama, nami mwenyewe, niseme kweli, yule kinyonga sikumgusa.

Lakini kati ya wote ninayetaka kumwandika ni Longin.

Longin alikuja kwetu wakati wa vita, akiwa mtu mzima. Alikuwa na mke na watoto watatu huko upande wa Pweto, karibu na ziwa, na kwa miaka mingi alikuwa katekista wa kijiji chao. Shule ndogo ya kijiji hicho ilikuwa imefungwa, kwa sababu serikali haikutaka tena mwalimu asiye na cheti. Wazee wa kijiji walimchagua Longin aende mjini akakitafute. Aliishi bweni moja na vijana waliomwita baba kwa kumtania, naye aliwafulia mashati kama kweli ni watoto wake.

Sheria ilikuwa hivi: anayeshindwa somo la mwisho mara mbili anafunga sanduku lake. Longin alikuwa ameshindwa mara moja. Mwaka uliotangulia, mbele ya inspekta, sauti ilimpotea kabisa. Watoto walimwona akichezesha midomo, wakadhani anasali, wakasali nao. Sasa ilibaki nafasi moja, na nyuma yake kijiji kizima kilingoja shule ifunguliwe.

Desturi yetu ilikuwa kuchota kikaratasi chenye jina la somo kutoka kofia ya jua ya Furere Odilon, siku nane kabla ya mtihani. Longin alichota, akasoma: kuota kwa mbegu. Nilifurahi kwa ajili yake, maana somo hilo ni rahisi. Unaweka maharage ndani ya chupa ya jamu, kati ya kioo na karatasi ya kunyonyea, unatia maji kidogo, na baada ya siku chache mtoto anaona mzizi ukishuka na jani likipanda. Mbegu yenyewe inafanya kazi nusu ya mwalimu.

Maharage ya shule yalikuwa yametobolewa na fukusi. Nikamwambia Longin asiwe na wasiwasi, nitaleta ya kwangu. Siku hiyohiyo nilimwambia mke wangu Georgine, “Nipe maharagi,” akanijazia kikombe, nikampelekea. Longin aliyapokea kwa mikono miwili.

Siku tatu zilipita, hapakutokea kitu. Ilipofika Jumatatu akaja kwangu.

“Moniteur, maharagi haitoke. Ilivimba tu.”

“Ni baridi,” nilimwambia. “Mwezi wa sita hata mimi sitokake mbio mu kitanda.”

Alicheka kidogo kwa heshima, akazihamisha chupa zake karibu na tanuru la mkate la misheni.

Jumanne, saa ya kula, tukiwa na bukari, ugali wetu, mbele yetu, nilipeleka mkono kwenye bakuli la maharage nikayatazama. Yalikuwa safi, hakuna hata moja lenye tundu. Miaka kumi na tano nilikuwa nimeyala maharage ya mke wangu bila kujiuliza kwa nini fukusi wa Elisabethville nzima hawaijui nyumba yangu.

“Mama Anastasie,” nilimwita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, “ile maharagi nilibeba ku masomo, ulikuwa umeipitisha pa moto?”

“Siku yote ninaipitishaka pa moto. Pa kibati, juu ya mbabula. Unataka tukule fukusi?”

“Ile ilikuwa ya kupanda.”

Akaweka mikono kiunoni. “Uliniambia ya kupanda? Ulisema tu nipe maharagi. Ya kupanda iko mu kitunga, nyuma ya mulango, na majivu. Ata batoto banajua. Na weye njo unafundishaka bantu bile bintu!”

Alikuwa na haki. Kila mwanamke wa siti alifanya hivyo: ya kula hupita kwenye kibati juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, ili fukusi wafe, ya kupanda hulazwa kwenye majivu. Mwalimu wa habari za mimea ndiye peke yake aliyekuwa hajui mbegu zinalala wapi ndani ya nyumba yake.

Muda wa kuotesha mengine haukuwepo. Mtihani ulikuwa Alhamisi asubuhi, na kwa baridi ile siku mbili hazitoshi. Lakini muda wa kusema ulikuwepo. Ningeweza kwenda kwa Furere siku hiyohiyo, somo likasogezwa au Longin akachota kikaratasi kingine. Sikwenda. Mwaka uliotangulia inspekta yuleyule alikuwa ameandika katika ripoti yake kwamba moniteur weusi hawajui kutunza vitu vya somo. Sentensi hiyo nilikuwa naijua kwa moyo, na nilikuwa nimeapa kumfanya aifute. Nikajiambia kwamba labda moja au mawili yataota. Nilijidanganya kwa adabu sana, na bukari nikaimaliza.

Alhamisi inspekta alikaa nyuma ya darasa, Furere Odilon kando yake, mimi nikasimama dirishani. Longin aliingia na koti la kuazima lenye mikono mifupi. Juu ya meza alipanga chupa zake sita, na ndani ya chupa zote sita maharage yalikuwa yamelala, yamevimba, mengine yameanza kuteleza. Nilitazama viatu vyangu.

“Munaona nini?” aliuliza. Sauti yake ilitoka, haikuwa kubwa lakini ilisikika.

“Maharagi ilivimba,” mtoto mmoja akajibu.

“Na tena?”

“Haikutoka.”

Niliona mkono wa Longin ukishika ukingo wa meza na nikafikiri, sasa sauti inaondoka tena. Kisha akalifunga daftari lake la maandalio, lile ambalo inspekta alikuwa na nakala yake magotini, akaliweka chini.

“Njo vile,” alisema. “Haikutoka. Leo tutatafuta ni nini iliua mbegu yetu.”

Alimpa kila mtoto harage moja, akawaambia walipasue kwa kucha. Ubaoni alichora mbegu iliyo hai ilivyo ndani: kitoto chake kidogo cheupe, na vijani viwili vilivyokunjwa. Watoto waliinamia mikono yao. Mmoja baada ya mwingine walisema kitoto cha mbegu yao ni cheusi, ni kikavu, kinavunjika. Wakaulizwa kama maji yalikosekana. Hapana, maji yalikuwepo. Mtoto mmoja akasema ni baridi, na Longin akajibu baridi inalalisha mbegu, haiichomi. Wote walikuwa wamesimama sasa, hakuna aliyeombwa kusimama, na inspekta alikuwa ameacha kuandika. Nimeona masomo mengi katika maisha yangu. Lile lilikuwa zuri, nami niliona uchungu kulitazama.

Kulikuwa na mtoto anayeitwa Edmond, mdogo, mwenye masikio makubwa. Aliinusa mbegu yake.

“Moniteur, iko na arufu ya moshi.”

Longin akainusa ya kwake. Akainua kichwa, akanitazama pale dirishani. Nilielewa kuwa ameelewa.

“Ni nani alitupatia ile maharagi?” Edmond akauliza.

Darasa zima lilingoja. Lilikuwa swali la mwisho, na jibu lake lilikuwa limesimama hatua sita kutoka kwake, lina ufunguo shingoni.

“Sijue,” Longin alisema.

Somo likafa hapo. Watoto walikaa chini mmoja mmoja, yeye akafuta ubao, wakasali, wakatoka.

Ofisini inspekta alisema mambo matatu: mbegu zimekufa, maandalio yameachwa, na swali la mtoto halikujibiwa. Akatamka alama ambayo haitoshi, na akaomba wino. Furere Odilon alikuwa akikwangua udongo wa kiatu chake kwa kipande cha mti, jambo alilofanya kila alipohuzunika. Niliona kalamu ikizama ndani ya wino na nikamfikiria Longin akishuka kutoka lori kule Pweto na sanduku lake, watoto wa kijiji wakimkimbilia.

Nikasimama, nikasema kwa Kifaransa, Kifaransa nilichokuwa nimekiweka kwa siku bora kuliko ile: mbegu zilitoka nyumbani kwangu, zilipitishwa motoni, kosa ni langu.

Inspekta aliniuliza kama mtahiniwa alijua.

“Alijua pale alipoinusa.”

“Kwa hiyo aliwadanganya watoto.”

“Ndiyo. Kwa ajili yangu.”

Alinitazama kwa muda, akamtazama Furere. Kisha akasema kwamba maharage yaliyoota amekwisha kuonyeshwa mara nyingi mno, akaandika alama inayotosha, si zaidi. Chini yake aliandika mistari miwili juu yangu. Sikuisoma kamwe, na sikuhitaji kuisoma. Furere alipopita karibu nami mlangoni aliniwekea mkono begani. Nilifurahi, kweli nilifurahi, na ndani ya furaha ile kulikuwa na mwiba: hawakuniuliza nilijua tangu lini, nami sikuwaambia.

Longin nilimkuta kwenye pampu ya maji, akiosha chupa zangu za jamu. Sanduku lake lilikuwa kando, limekwisha fungwa kwa kamba. Nilipomwambia amepata cheti, alilikalia lile sanduku akafunika uso kwa mikono yake yenye maji. Nilikaa karibu naye, na sisi wawili tulilia bila kutazamana.

“Ulisema ile mambo ya maharagi?” aliniuliza hatimaye.

“Nilisema.”

“Basi nirudie kwa batoto. Niliambia batoto sijue. Nilijua.”

Nikamwambia watoto wameanza somo lingine, angoje wiki ijayo.

“Hapana, Moniteur. Leo. Banaweza kwenda na ile uongo ku nyumba.”

Sikuweza kumwacha aende peke yake. Tulimwomba ruhusa mwalimu aliyekuwa darasani, naye akatupisha. Longin alisimama mbele akawaambia watoto kwamba alijua nani aliyetoa maharage, na kwamba alidanganya. Aliyasema hayo bila kuinamisha kichwa. Kisha nikasogea mimi. Nikawaambia ni mimi. Kwamba kwangu maharage ya kula hupitishwa motoni ili fukusi wafe, kwamba sikuuliza, na moto ule ndio uliokiua kitoto cha mbegu. Watoto walicheka waliposikia fukusi. Mmoja akasema hata mama yake anafanya vile, mwingine akasema wa kwake pia, na hewa ikawa nyepesi. Nilidhani mambo yamekwisha. Nilikuwa nimegeukia mlango.

Edmond aliinua kidole.

“Moniteur, weye ulijua tangu siku gani?”

Kabla sijafungua mdomo, Longin alinijibia, kwa wepesi, akitabasamu.

“Leo asubui, sawa vile mimi.”

Niliutazama uso wake. Hapakuwa na shaka hata kidogo ndani yake. Ningeweza kutikisa kichwa tu, ndiyo, leo asubuhi, na mtu yule angerudi ziwani akinisifu maisha yake yote.

“Hapana,” nilisema. “Tangu Jumanne.”

Tabasamu la Longin liliondoka. Alinitazama, na niliona akihesabu siku: Jumanne mchana, Jumatano nzima, chupa alizozihamisha kutoka dirishani kwenda kwenye tanuru na kutoka kwenye tanuru kwenda dirishani. Akachukua chaki, akachora upya ile mbegu aliyokuwa ameifuta, kitoto chake na vijani viwili, na chini yake akaandika: Moto. Halafu, chini zaidi, kwa herufi kubwa za darasa la kwanza, akaandika: Jumanne.

“Muandike,” aliwaambia watoto.

Nikasimama pale mbele yao mpaka wa mwisho alipomaliza kuandika.